Makuyu wa Waithaka

Waithaka, Nairobi.
Jumapili, 16 Novemba 2025.

Mpendwa Mjomba Muasya,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia kwa mkono wangu. Simu nimepiga mara nyingi, lakini sikio lako la kulia halipatani na simu, na la kushoto husikia tu mtu akifoka. Basi nimenunua karatasi. Kaindi wa kijijini kwetu anasafiri kuja huko Ijumaa, atakuletea, na Stellah atakusomea. Stellah, soma yote, usiruke mahali unapotajwa.

Mguu wako unaendeleaje? Mama Stellah amepona kifua? Nimesikia mvua imewafikia na ndengu zimeota vizuri. Mungu ashukuriwe. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuchezea? Huku mvua ilianza kwa fujo, ikabeba takataka zote za mtaa, kisha ikatulia.

Mimi ni mzima. Nimechoka, lakini ni mzima. Nyayo zangu zimekuwa nyeupe na laini kama za mtoto mchanga kwa kushinda majini, na mgongo hulalamika asubuhi kabla yangu. Hata hivyo ninakula, ninalala, na Jumapili ninaenda kanisani ulivyoniagiza.

Mjomba, ujumbe wako niliupata. Kaindi aliutoa mbele ya watu, bila kupunguza: "Mjomba amesema kama samaki wamekuwa jamaa yako, uwalete wao waje kupokea mbuzi za ntheo." Watu walicheka wiki nzima. Ninajua mbuzi wa posa ya Stellah walipokelewa Agosti na kiti changu kilikuwa kitupu, na mtu wa kwanza kuuliziwa nilikuwa mimi, kwa kuwa ulinilea kama mwanao. Ndiyo maana ninakuandikia, ili usikie jambo lenyewe kutoka mwanzo. Ukimaliza kusikia, useme utakalo.

Nilipofika Nairobi nilibeba mawe kwenye mjengo kule Lavington. Nyuma ya mjengo kulikuwa na kijito. Siku moja akashuka mwanamke mmoja amevaa gambuti ndefu mpaka mapajani, wavu begani, akauliza nani anaweza kumsaidia kubeba ndoo na kusimama majini. Mafundi walicheka, maana maji yale hata mbwa huyaruka. Mimi bega langu lilikuwa limetoka ngozi, nikaona ndoo ni nyepesi kuliko jiwe. Sikuwa na hekima nyingine zaidi ya hiyo.

Huyo ndiye Daktari Nanjala, mtu wa Bungoma. Si daktari wa sindano. Yeye amesomea samaki wa mito midogo, na alikuwa akimtafuta mmoja tu. Ni samaki mdogo, urefu wa kidole, rangi ya shaba, ana visharubu pembeni mwa mdomo na doa jeusi karibu na mkia. Wa zamani amewekwa kwenye chupa ya dawa, amepauka kama ukucha, na kibandiko kinasema alitolewa kwenye vijito vya upande huu wa Nairobi. Daktari alitaka kujua kama bado yupo hai hata mmoja.

Tulitafuta kutoka Kitisuru mpaka Waithaka. Kazi ilikuwa hivi: mimi ninashika wavu upande mmoja, yeye upande wa pili, tunaukokota polepole, tunainua, tunaangalia. Wakipatikana samaki anawapima juu ya rula iliyoloweshwa, anaandika, tunawarudisha. Siku nyingi tulipata nepi za watoto, chupa, na wale samaki wa kigeni wenye mikia ya rangi rangi walioletwa kula viluwiluwi vya mbu. Hao hawaogopi uchafu. Wanazaana kama panya, na wanakula mayai ya wenyeji na watoto wao.

Nitakwambia bila kuficha, Mjomba. Mto wa Nairobi hubeba kila kitu ambacho watu wanakionea haya. Wenye kuta ndefu wanatoa mabomba yao chini ya ua ambapo jirani haoni. Wanaoosha magari wanamwaga sabuni. Malori ya kunyonya vyoo yanakuja alfajiri, yanatapika, yanaondoka. Tajiri na maskini hawasalimiani barabarani, lakini uchafu wao unatembea pamoja.

Kazi ilikuwa iishe mwisho wa Juni. Asipompata, Daktari angeandika kwamba samaki huyo ameisha kwenye vijito vyetu, na jambo likishaandikwa hivyo hakuna atakayejisumbua tena kwa ajili ya maji yale. Nilimwona akipungua. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini Juni yote alikuwa akila mkate wake akiangalia maji tu.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyofanya kazi na midomo ya watu waliochoka. Tulikuwa hapa Waithaka, manyunyu yanaanguka, baridi imeingia kwenye mifupa. Kulikuwa na mama mzee akipalilia sukuma kando ya ua, anaitwa Wamucii. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kuona samaki mtoni. Lakini akili yangu ilikuwa imelala, na mdomo ukatoa neno la kwetu. Nikasema, "Shosho, hapa kuna makuyu?"

Akasimama na jembe lake. "Makuyu? Makuyu ni huko Murang'a. Hapa ni Waithaka. Wewe umepandishwa gari gani?"

Daktari alicheka mpaka akashika ua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mei. Nikajaribu kujitetea. "Si Makuyu ya Murang'a, Shosho. Makuyu ya kwa maji."

"Aaa! Mkuyu! Si useme mkuyu. Uko mmoja tu, huko chini kabisa kwa shamba yangu. Lakini wewe Mkamba, ukikata hata kijiti ya dawa, nitakukata wewe."

Makuyu kwetu ni samaki, kwake ni mti. Daktari akasema twende tu, tujikinge mvua chini ya huo mti, tule mkate, kisha turudi nyumbani.

Mjomba, chini ya ule mkuyu ardhi ilikuwa inatoa maji. Si mengi. Yanachuruzika kati ya mizizi, yanajaza kidimbwi chenye upana wa nyumba yako, kisha yanaanguka kwenye mwamba mrefu kuliko mimi, na kule chini ndiko yanakutana na kijito kichafu. Daktari aliangalia ule mwamba, akaangalia kidimbwi, mkate bado uko mdomoni. Wale wa mikia ya rangi hawawezi kupanda mwamba. Uchafu pia haupandi mlima. Akaniambia kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliye kanisani, "Mulwa, shika wavu."

Tulikokota mara moja tu. Wavu ulipoinuka kulikuwa na kitu kinachometameta kama kokoto za shaba. Walikuwa hai, Mjomba, na visharubu vyao na doa lao. Daktari aliketi chini kwenye maji, gambuti zikajaa, akawa analia na kunifokea kwa pamoja: "Usitingishe ndoo! Mulwa, usitingishe hiyo ndoo!" Na ndoo ilikuwa imetulia. Aliyekuwa anatingishika ni yeye.

Wamucii alishuka kuona kelele ni za nini. Akachungulia ndoo. "Hizi zinakuliwa?"

"Hawa hata paka hashibi, Shosho," Daktari akamjibu.

"Hata zingeshibisha. Mimi hiyo naona ni nyoka imewekewa mapezi." Kisha aliponisikia nikisema "Daktari," akapandisha sketi, akamwonyesha goti linalomsumbua. Tulimweleza, lakini mpaka leo anaamini Daktari ananyima watu dawa kwa sababu ya maringo.

Ungedhani mambo yaliishia hapo kwa shangwe. Hapana. Mwanawe Wamucii, anayeitwa Mwaura, alikuwa ameshachora ploti ya vyumba vya kupangisha mpaka pale chini. Mawe yalikuwa yamemwagwa, na kifusi cha kujazia kidimbwi kilikuwa njiani. Alikuja na fundi wake, akatusikiliza dakika mbili. "Daktari, na heshima zote, unataka nisimamishe mjengo juu ya omena?"

Daktari alieleza vizuri, kwa utaratibu, kwamba samaki hawa hawajaonekana mahali pengine tulipotafuta. Mwaura akatikisa kichwa kwa adabu na kuangalia saa. Mimi niliona tumeshindwa. Nimefanya kazi mijengo mingi, ninajua uso wa mtu ambaye mawe yake yameshafika.

Aliyetuokoa ni Wamucii, na hakutuokoa kwa kupenda samaki. Alikuwa ameegemea jembe, akasema, "Mwaura, mfereji wako unatoa maji siku ngapi kwa wiki?"

"Mama, wacha hiyo."

"Siwachi. Inatoa siku moja, saa zingine hakuna. Hapa chini maji haijawahi kukauka tangu nikuje kuolewa. Sasa unataka kuizika, halafu wapangaji waoge na nini? Na risiti ya kodi?"

Hata fundi alicheka. Mwaura akasema mama yake anamwaibisha mbele ya watu. Mama akamwambia shamba bado liko kwa jina lake, na kama ni aibu, ataongeza nyingine. Siku ya tatu kifusi kilikwenda upande wa juu. Nyumba ilisogezwa nyuma, shimo la choo likahamishiwa mbali na chemchemi. Mimi mwenyewe nilishiriki kuchimba msingi mpya.

Lakini Daktari hakulala usingizi. Kidimbwi kimoja ni kama kuku mmoja, alisema: mwewe mmoja, basi. Mtu mmoja akimwaga mtungi wa sabuni pale, habari imekwisha. Akatafuta mahali pa pili, akapata chemchemi ndani ya ua mmoja mkubwa kule Kitisuru. Shida ni kwamba wale wa kigeni walikuwa wamejaa humo. Julai yote tulikuwa tukilikausha bwawa lile, tukachota tope kwa karai, tukaliacha lichomwe na jua, kisha nikajenga kizingiti cha mawe kule maji yanakomwagikia nje ili wa kigeni wasirudi. Nilikijenga polepole kuliko ukuta wowote niliowahi kujenga, na hakivuji. Hilo ninajisifu.

Wakati huo nusu ya samaki wa Waithaka tulikuwa tumewahamishia kwenye mabeseni, ndani ya gereji tuliyoazimwa Lavington, ili Daktari awaangalie kama wana ugonjwa kabla ya kuwapeleka. Vipampu vya stima viliwapa hewa. Walikuwa waende Kitisuru wiki moja baada ya ntheo ya Stellah. Nilipanga yote vizuri, Mjomba. Nilikuwa nimenunua sukari, mchele, na kitambaa cha Mama Stellah.

Asubuhi ya safari nilikuwa mjini tayari, nimelipa nauli, nimeketi dirishani. Simu ikalia. Ni Daktari: "Mulwa, stima imepotea Lavington yote. Wamepanda juu ya maji wanatweta. Niko peke yangu."

Niliwaona nyinyi wote kwa macho ya moyo, wazee wamekaa, mbuzi wamefungwa, mahali pangu pakiwa wazi. Kisha nikafikiri: ntheo itakuwepo hata nisipokuwepo, kwa sababu Mjomba yupo. Kule Lavington nisipokuwepo hakuna Mjomba mwingine. Nikashuka. Utingo alinitukana kwa kuwa sikudai nauli yangu. Alidhani nimerukwa na akili.

Hatukuwa na la kungoja. Tuliwatia kwenye ndoo mbili kubwa, Daktari akaendesha, mimi nikakaa nyuma na ndoo katikati ya magoti, nikawa ninachota maji kwa kikombe, ninayainua juu, ninayamwaga yarudi yakipovuka, ili yabebe hewa. Kutoka Lavington mpaka Kitisuru sikupumzisha mkono. Magari yalikuwa yamesimama kama mawe. Langoni soja akachungulia dirishani, akanitazama, akauliza, "Unaosha maji, boss?"

Nilimjibu kwa Kikamba, kwa hasira. Kumbe ni wa kwetu, Muthama, mtu wa Mutomo. Akafungua lango mbio, akashika ndoo moja, na tukakimbia nazo kwenye nyasi za tajiri kama wezi. Tulipowamwaga, wawili walielea ubavu. Wengine wote walishuka chini wakapotea, na maji yakatulia kama hakuna kitu. Daktari akasema sasa tungoje. Tulikula mchele wa Mama Stellah siku hiyo, Mjomba, kibandani kwa Muthama. Sukari pia. Kitambaa kipo.

Tuliwangoja Septemba. Tuliwangoja Oktoba. Kuwaona wakubwa kulikuwa rahisi, lakini Daktari alisema samaki akiishi tu ni mgeni; akizaa ndiyo amehamia. Mvua ikaja, maji yakapanda, nikaogopa kizingiti changu. Kila wiki Muthama alikuwa akinipigia: "Wamezaa?" Kana kwamba mimi ndiye mkunga.

Jumanne iliyopita tulikwenda na wavu wa matundu madogo, ule unaofanana na chandarua. Niliingia upande wenye majani, nikauzungusha taratibu, nikauinua. Mwanzoni niliona majani tu. Kisha majani yakawa na macho. Mjomba, walikuwa wadogo kama punje ya mchele, unaona mpaka ndani ya matumbo yao, na kila mmoja ana nukta karibu na mkia. Walikuwa wengi kiasi kwamba Daktari aliacha kuwahesabu akarudisha kalamu mfukoni.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe. Muthama akaja mbio na rungu akidhani tumevamiwa. Nikamwonyesha. Akavua kofia ya kazi, akainamisha kichwa juu ya wavu, akasema, "Hawa wamezaliwa Kitisuru. Hawa ni mababi." Huku mababi ni watoto wa matajiri. Daktari alicheka mpaka akakohoa, kisha sisi watatu tukacheza pale kwenye nyasi, na mama mwenye nyumba akatoka kwenye baraza na kikombe chake cha chai, akatutazama, akaanza kupiga makofi.

Hapa Waithaka nako wamezaa. Mwaura amebandika kibao kikubwa ukutani: MARUFUKU KUOSHA GARI AU NGUO KWA CHEMCHEMI. Wapangaji wanachota maji kwa bomba aliloliweka pembeni, na vyumba vyake vimejaa kabla ya rangi kukauka. Siku hizi akileta wageni utamsikia akisema, "Njooni muone samaki zangu." Sisi tunamwacha aseme. Mtu akishawaita wake, hatawazika.

Daktari ameongezewa miaka mitatu ya kazi, na mimi nimo ndani yake, kwa mkataba wenye jina langu kamili. Mwakani tutatengeneza bwawa la tatu. Mafundi wa Lavington walionicheka wameanza kuniuliza kama kuna nafasi ya kushika upande wa pili wa wavu.

Daktari ameniuliza pia kuhusu mto wetu huko. Nilimweleza jinsi malori ya mchanga yameuchimba mpaka ukabaki mifupa. Ninakuomba, mvua ikikatika, umtume mtu akaangalie lile shimo la mwambani kwenye kona, kama samaki wamebaki humo. Na watu wasioshe pikipiki pale. Waambie ni wewe umesema; mimi hawataniheshimu.

Nisalimie Mama Stellah, na umwambie kitambaa chake ni cha samawati. Msalimie Kavata na watoto wake, na mchungaji, na hata yule jirani wa mbuzi wakorofi. Stellah, hongera dada yangu. Nitamkagua huyo bwana wako nikifika. Mjomba, Mungu akushikie huo mguu, akupe mvua ya kutosha na mavuno ya kugawia watu, na akuweke mpaka uwapakate wajukuu.

Sasa, kuhusu kuja. Juzi nilikuwa nikijipanga jinsi ya kumwomba Daktari ruhusa, nikachelewa, akaniwahi yeye. Akasema, "Mulwa, enda nyumbani ukae mwezi mzima. Hawa samaki hawana haja nawe tena." Nimefukuzwa kazi mara nyingi hapa Nairobi, na kila mara maneno yalikuwa kama hayo, lakini safari hii nilitoka pale nikiimba. Wako majini mwao, wanazaa bila kuniuliza, na Muthama atawaangalia asubuhi na jioni.

Mimi mpwa wako, mwana uliyemlea na anayekupenda, nitafika nyumbani Jumamosi tarehe 20 Desemba, kabla mbuzi hawajarudi zizini.

Hezekiah Mulwa